Ngazi ya Thelathini na Nane

Saa moja asubuhi boti inatushusha Saanane,
mimi, Dokta Nyamizi, na spika ndogo kama mche wa sabuni.
Tunaiweka juu ya jiwe, tunarudi nyuma, tunanyamaza.
Tumbili jike tuliyempa jina Kidevu
anamchambua mwanawe manyoya.

Spika inasema:
ti ti ti ti to.
Kidevu anageuka. Mara ya pili anageuka kidogo.
Mara ya thelathini hana habari nayo,
ameizoea kama wauza dagaa wa Mwaloni walivyozoea harufu.

Ndipo tunamwibia.
Ti ti ti ti
na pale pa to hatuweki kitu.
Ziwa tu, linalamba jiwe.

Kidevu anasahau chawa katikati ya vidole,
anainua kichwa,
anaitazama spika kama mtu aliyepunjwa chenji.

Hakuna kilicholia. Hicho ndicho alichosikia.

Dokta anaandika namba, kisha ananinong'oneza:
sikio halikai ndani likisubiri hodi.
Linatoka kumlaki mgeni njiani,
limeshatenga kiti, limeshavijua viatu vyake.
Mgeni asipotokea, kiti kitupu ndicho kinachopiga kelele.
Huyu na wewe, anasema, mmerithi daftari moja la hesabu.

Nilimwelewa upesi, kwa sababu ya mama.

Kwetu ni Bugarika, juu maweni,
ngazi arobaini na moja, hakuna mbili zenye kimo kimoja.
Baba alikuwa zamu ya usiku kiwandani, minofu ya sangara,
akirudi saa tisa, buti za mpira mkononi, miguu mitupu.
Mama amelala. Treni inapiga honi, amelala.
Mvua inatwanga bati, mbwa wa akina Masalu
wanagombana na mwezi, amelala.
Nyayo za baba huingia usingizini mwake bila kubisha:
du, du, du,
halafu ngazi ya thelathini na nane, jiwe lililolegea:
kogo.
Mama hugeukia ukutani, huacha nafasi. Jicho halifumbui.

Jumamosi moja, mama yuko sokoni,
baba akakoroga saruji kwenye kopo la rangi
akaliziba lile jiwe, kwa mapenzi,
lisimsumbue tena mkewe. Hakusema.
Usiku ule:
du, du, du,
du.
Mama akaketi wima kitandani.
"Nani huyo?"
Ukimya ulikuwa umemtikisa bega.

Nawe msomaji wangu, usidhani u pembeni,
Sikio lako na langu, hulinda vina mwishoni,
Hata litiwe ukungu, hata likiwa ndotoni,
Lajua kwamba mwenzangu, keshafika mlango

Umeisikia?
Mimi sikuiandika.

Jumapili baba alichukua patasi
akaibandua saruji yote, akitukana kwa Kisukuma.
Jiwe likarudia ulegevu wake.
Mama mpaka leo anakana kwamba alimwomba.

Saa nne jua limeuma, betri ya spika imekwisha.
Kidevu bado anachungulia lile jiwe
hata baada ya sisi kuliacha tupu,
na Dokta anasema hilo haliingii kwenye jedwali,
lakini amelitazama muda mrefu kuliko alivyotazama namba.

Siku hizi kiwanda kimepunguza watu.
Baba yuko kitandani tangu saa tatu usiku, anakoroma.
Ikifika saa tisa, ngazi ziko kimya, ziwa limelala,
mama hugeukia ukutani
akaacha nafasi
kwa mtu ambaye tayari yumo.